Punda Wetu wa Eastlands Hana Mwalimu

Ukishika njia ya Kayole, ukapita Soweto, ukaelekea Njiru hadi Ruai, huwezi kwenda mwendo wa robo saa bila kupishana na mkokoteni wa punda. Umejaa mitungi ya maji, au mchanga wa kujengea, au mawe, au magunia ya makaa, au takataka ziendazo Dandora. Mbele yuko punda mmoja au wawili, na juu ameketi kijana na ufito mkononi. Mji huu wenye mabenki na majumba marefu, sehemu kubwa ya mashariki yake hunyweshwa na kujengwa kwa nguvu za mnyama huyu, wala hapana amtajaye isipokuwa dereva wa matatu anapomtukana kwa kumzibia njia.

Ukurasa huu ni wa utamaduni, na msomaji ana haki ya kuuliza: punda na utamaduni, wapi na wapi? Jawabu letu ni kwamba kufuga, kuzalisha na kufunza mnyama wa kupanda na wa kuvuta ni elimu kama elimu nyingine. Ina istilahi zake, ina mabingwa wake, ina adabu zake. Sisi watu wa pwani tulikuwa nayo, na masalia yake bado tunayo. Nairobi imechukua punda, elimu yake ikaiacha njiani. Hilo ndilo neno letu leo, na hatulisemi kwa kujifurahisha, maana wako wanaoumia kwalo: mnyama kwanza, kisha kijana yule anayemtegemea kwa unga wa jioni.

Tazama lugha yenyewe. Wazee wetu hawakusema tu kwamba punda anakwenda. Walisema anakwenda telki, yaani ule mwendo wa haraka ulio laini, ambao mpandaji aweza kushika kikombe cha kahawa kisimwagike. Walisema anakwenda shoti, pale anapokusanya miguu yote na kuruka mbio. Walikuwa na shogi, ule mfuko mkubwa wa ukindu unaolala mgongoni ukaning'inia pande mbili, na sharti pande zote zilingane uzito. Walikuwa na hatamu, lijamu, tandiko, kikuku. Muulize leo kijana wa Lamu wa miaka ishirini maana ya telki, pengine atakujibu. Muulize wa Mombasa, atadhani ni jina la simu. Neno hufa pale kitu chake kinapoachwa, na hili la telki limo ukingoni.

Punda wa Maskati, wale weupe warefu, walipoletwa Unguja karne ya 19, walithaminiwa kuliko farasi wengi. Bibi Salme binti Said, yule aliyetoka Unguja akaolewa na Mjerumani, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886 jinsi watoto wa Sayyid Said walivyofunzwa kupanda tangu wadogo katika jumba la Mtoni. Wavulana wakipewa farasi, wasichana wakipewa punda hao weupe. Twataka msomaji ashike hapo: mtoto wa kike wa jumba la kifalme kupewa punda haikuwa dharau. Ilikuwa heshima, na ya gharama. Dharau ya punda imekuja baadaye, ikaja na gari.

Jambo la ajabu ni kwamba Eastlands haikuwa ngeni kwa elimu hii. Wapitao Racecourse Road kila siku, karibu na Kariokor, wakihangaika na makanga na mabasi, ni wachache wanaokumbuka kuwa jina lile si la bure. Uwanja wa mbio za farasi wa Nairobi ulikuwa upande huo wa mji, baina ya Kariokor na Eastleigh, mpaka ulipohamishiwa Ngong Road mwaka 1954. Pumwani, iliyopimwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa makazi ya Waafrika, ilikuwa jirani yake. Shauri Moyo ikafuata mwishoni mwa miaka ya 1930, pale kijiji cha Pangani kilipovunjwa na wenyewe wakahamishwa. Basi kwa miaka mingi, farasi wa bei kubwa walikuwa wakikimbia umbali wa kutupa jiwe kutoka kwenye nyumba za udongo za Waislamu wa Pumwani.

Na farasi hajitunzi mwenyewe. Nyuma ya kila farasi alikuwako saisi: mtu wa kuamka alfajiri, kumpangusa, kumlisha, kumtembeza apoe baada ya mbio, kumgusa miguu usiku kutafuta joto la uvimbe. Masaisi walikuwa Waafrika, na majina yao hayakuandikwa kwenye vikombe vya fedha. Mmoja ambaye jina lake limesalia ni arap Ruta, aliyekua pamoja na Beryl Markham huko Njoro, akawa mkono wake wa kulia bibi huyo alipokuwa mfunzaji wa farasi. Limesalia kwa kuwa bibi yule aliandika kitabu mwaka 1942, akamtaja. Beryl Markham mwenyewe dunia inamkumbuka zaidi kwa kuivuka bahari ya Atlantiki peke yake kwa ndege mwaka 1936. Lakini sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa mazizini, na alipofariki mwaka 1986 alikuwa akikaa hapo hapo kwenye uwanja wa Ngong. Je, wangapi kama arap Ruta walikuwako Kariokor, wenye mkono wa kumtuliza farasi aliyepandwa na wazimu, nao wakafa bila ya kuulizwa walijua nini?

Uwanja ulipohama, kazi ya saisi ikahama nayo. Kilichobaki Eastlands ni jina la barabara.

Hapana budi tuseme kwa uwazi kwa nini watu wetu hawakuufuata uwanja ule hadi Ngong. Mbio zile zimefungamana na kamari. Mtu huenda kuweka fedha, si kutazama farasi, na Mwislamu aliyelelewa chuoni hakai penye kamari. Katika hilo hatuna ubishi. Lakini wako waliochanganya mambo wakadhani kwamba mbio zenyewe ndizo haramu, na hapo wamekosea. Katika hadithi iliyo sahihi, iliyopokewa na Ibn Umar, Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi, naye Ibn Umar alikuwa miongoni mwa waliopanda. Farasi waliofunzwa walikimbia kutoka al-Hafya hadi Thaniyyatul Wadaa, masafa ya maili tano au sita. Na wasiofunzwa wakakimbia kutoka hapo hadi msikiti wa Bani Zurayq, maili moja tu.

Msomaji aitafakari hadithi hiyo kwa jicho la mfugaji. Kulikuwa na makundi mawili, na masafa mawili. Aliyeandaliwa alipewa masafa marefu, asiyeandaliwa mafupi. Hapana aliyelazimishwa kukimbia kupita uwezo wake. Na kule kuandaa kulikuwa na jina: tadhmiri. Farasi hulishwa kwanza hadi anenepe, kisha hupunguziwa chakula kidogo kidogo mpaka kibaki kile cha lazima, huku akifunikwa nguo ndani ya banda atokwe na jasho, nyama zikaze na pumzi iwe ndefu. Kazi hiyo huchukua siku nyingi. Karne kumi na nne zimepita, na wanaofunza farasi wa mbio popote duniani bado hufanya jambo la namna hiyo, ingawa kwa saa ya mkononi na vipimo vya damu.

Tuchukue mfano wa mbali kidogo. Huko Marekani uko mchezo wa kuzunguka mapipa. Mapipa matatu husimamishwa uwanjani kwa umbo la pembetatu: kati ya la kwanza na la pili futi 90, na kutoka kila moja kati ya hayo hadi la tatu futi 105. Mpandaji huingia shoti, hulizunguka kila pipa, kisha hurudi alikotoka kwa kasi yote aliyo nayo. Akiangusha pipa huongezewa sekunde tano, na kwa kuwa mbio nzima haifiki nusu dakika, tano hizo ni msiba. Wapandaji wengi ni wanawake. Huko Texas mwaka 1948 waliunda chama chao wenyewe, maana wanaume wenye michezo ya farasi walikuwa wakiwaweka kando, na chama hicho kipo hadi leo.

Asiyejua hudhani siri ya mchezo huu ni kasi. La hasha. Farasi wenye kasi ni wengi. Siri ni pinde tatu. Lazima farasi ajue kupunguza mwendo kabla ya pipa bila ya kuvutwa mdomo, aweke uzito wake kwenye miguu ya nyuma, auzungushe mwili wake mahali finyu, kisha achomoke tena. Humfunza kwanza kwa kutembea. Hutembea kuzunguka mapipa siku baada ya siku, kisha humwongeza mwendo taratibu, na mara nyingi hupita mwaka na zaidi kabla ya kumwachia mbio kamili. Mfunzaji mwenye pupa humharibu. Farasi huanza kuogopa pipa, na farasi aliyeogopa kitu hasahau upesi.

Farasi maarufu kupita wote wa mchezo huo aliitwa Scamper. Kabla hajawa maarufu alisifika kwa kuwatupa watu chini. Alinunuliwa kwa bei ndogo kwa ajili ya msichana mmoja, Charmayne James, na wawili hao wakashinda ubingwa wa dunia mara kumi mfululizo, kuanzia mwaka 1984 hadi 1993. Mwaka 1985, msichana akiwa na miaka 15, lijamu lilikatika katikati ya mbio za fainali. Hakuwa tena na cha kumwongozea. Scamper akayazunguka mapipa mwenyewe na akashinda zamu ile. Huo ndio ufunzaji: mnyama kuijua kazi hata pale mkono wa bwana wake unapokuwa mtupu. Lakini Scamper alikuwa amehasiwa, hakuacha mtoto, na walipotaka kuihifadhi damu yake iliwabidi wataalamu watengeneze nakala yake kwa ufundi wa maabara. Nakala hiyo ilizaliwa mwaka 2006. Hayo ya maabara tunawaachia wenyewe na wanavyuoni. Tunachotaka kuonyesha ni kiasi ambacho watu walio na thamani ya mnyama wao hufika katika kuilinda mbegu yake.

Sasa turudi Kayole.

Kijana mmoja wa mkokoteni tulimkuta amesimama kivulini, punda wake akitafuna maganda ya mahindi. Tukamuuliza punda anaitwa nani. Akacheka. "Mzee, huyu ni punda tu." Tukamuuliza ana miaka mingapi, hajui. Ni wa kwake? Si wa kwake. Mkokoteni na punda ni vya tajiri, naye hupeleka hesabu kila jioni na kinachobaki ndicho chake. Nani alimfunza kazi? Alipanda siku ya kwanza na mwenziwe, siku ya pili akapewa ufito. Hatumlaumu kijana huyu. Alijibu kwa adabu, na punda wake hakuwa mbaya kuliko wengine tuliowaona. Lakini majibu yake manne yana habari nzima ndani yake.

Tuanze na nira. Mikokoteni mingi ya huko ina mti wa shingoni uliobuniwa kwa ajili ya ng'ombe. Ng'ombe ana nundu, na nira hukaa mbele ya nundu ikashikwa. Punda hana nundu. Nguvu yake ya kuvuta imo kifuani na mabegani. Ukimwekea mti shingoni huwa unauegemeza mzigo wote kwenye ngozi na mfupa, na kabla ya mwezi kwisha kidonda kimefunguka. Dawa yake si ghali: ni mkanda mpana wa kifuani, wa turubai au wa mpira uliofunikwa kitambaa laini, usiobana koo, na mwingine wa mgongoni wa kubeba mikono ya mkokoteni. Mshona mahema yeyote wa Gikomba aweza kuushona kwa mchana mmoja. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia.

Kisha mzigo. Mtungi wa maji wa lita 20 una kilo 20. Pakia mitungi ishirini, ni kilo 400, na hujahesabu mkokoteni wenyewe wala kijana aliyeketi juu. Punda wetu wa Kenya ni mdogo. Wengi wao hawafiki kilo 160. Wataalamu hawaafikiani sana juu ya kipimo cha kuvuta, maana barabara, gurudumu na mwinuko vyote vina hukumu yake. Lakini hapana aliyesema kwamba mnyama avutishwe karibu mara tatu ya uzito wake kutwa nzima, penye mashimo na matope, na gurudumu lisilo na upepo. Wa kubebeshwa mgongoni hupimiwa thuluthi ya uzito wake, yaani kilo 50 hivi. Wazee wa shogi walilijua hilo bila ya mizani.

La tatu ni umri. Punda hubeba mimba muda wa mwaka mzima, pengine zaidi, akazaa mmoja. Kitoto hunyonya miezi sita au zaidi, na mifupa yake haijakamaa kwa kazi nzito hadi afike miaka mitatu au minne. Akitunzwa vyema huishi miaka 25, hata 30. Mjini huvalishwa nira akiwa wa miaka miwili kwa kuwa ana mwili, na huchakaa akiwa wa miaka minane. Tajiri akadhani amepata faida. Hajui amekula mtaji.

Na hili la kupigwa. Watu husema punda ni mkaidi. Methali zetu hazikumsaidia: shukrani ya punda ni mateke, punda afe, mzigo wa bwana ufike. Mimi mtunzi wa mashairi nazipenda methali, lakini si kila methali ni ushahidi. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa husimama, huganda, hutazama kitu kile mpaka akijue. Hiyo ndiyo tabia aliyoumbwa nayo, akitokea katika nchi za mawe na majangwa ambako kukimbia ovyo ni kuvunjika mguu. Mwaka 2022 wataalamu wa nasaba za wanyama walitangaza kuwa punda alifugwa kwa mara ya kwanza huku kwetu mashariki ya Afrika yapata miaka 7,000 iliyopita, kabla ya farasi kufugwa. Ni mnyama wetu kuliko wa mtu mwingine yeyote. Basi anaposimama mbele ya mtaro pale Njiru, mpige utakavyo. Kichwani mwake umemthibitishia tu kwamba mtaro ule ni wa kuogopwa, maana alipoufikia aliumizwa. Aliyefunzwa huongozwa kwa kushikwa hatamu, akapewa muda wa kunusa, akavuka. Mara ya tatu huvuka mwenyewe. Tofauti ni dakika tano za subira siku ya kwanza.

Sheria ipo. Sura ya 360 ya sheria za Kenya inakataza kumtesa mnyama, na kumfanyisha kazi akiwa na jeraha au akiwa hawezi ni mateso. Chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, KSPCA, kimekuwako Nairobi tangu mwaka 1910. Na sisi Waislamu tuna yetu iliyo nzito zaidi: Mtume (S.A.W.) alipita karibu na punda aliyetiwa alama ya moto usoni, akamlaani aliyefanya hivyo. Naye mwenyewe alipanda punda, na akampakia Muadh bin Jabal nyuma yake. Anayejua hayo, kisha akapita Majengo akaona kidonda cha shingo kimejaa nzi, akageuza uso, ana la kujibu.

Kuna balaa jingine lililoingia juu ya haya. Kuanzia mwaka 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa nchini, Mogotio, Naivasha, Machakos na Turkana, kwa ajili ya ngozi zipelekwazo Uchina kuchemshiwa dawa iitwayo ejiao. Taasisi ya utafiti ya KALRO ilieleza mwaka 2019 kwamba kati ya 2016 na 2018 walichinjwa punda karibu 302,000. Hesabu ya watu na mifugo ya mwaka 2009 ilikuwa imeonyesha punda milioni 1.8, ile ya 2019 ikaonyesha kiasi cha milioni 1.2. Rudi sasa kwenye mimba ya mwaka mzima na kitoto kimoja, upige hesabu mwenyewe. Bei ilipanda, na wizi ukapanda nayo. Watu walilala na punda wakaamka na kwato. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo Februari 2020, mahakama kuu ikaitangua amri hiyo Mei 2021, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuipiga marufuku biashara ya ngozi za punda kwa miaka 15. Kwa msomaji Mwislamu jambo hilo lina upande wa pili, maana nyama ya punda wa kufugwa iliharamishwa tangu Khaibar, mwaka wa saba Hijria, na mara nyingi zilitoka habari za mizoga ya punda iliyochunwa kwa siri na nyama yake kupelekwa isikojulikana.

Lakini lau kijana wa Kayole angekuwa anajua umri wa punda wake, jina lake, mamake na kizazi chake, asingekuwa mwepesi wa kumuuza au kuibiwa bila ya kuweza kumtambulisha mbele ya polisi. Mnyama asiye na jina huibika kwa urahisi.

Tukimaliza hapo, twende Lamu, na tusiende kwa kujisifu. Lamu nako wako punda wanaokula karatasi ukingoni mwa bahari, na wako wanaobebeshwa mawe ya Manda mpaka magoti yakawatetemeka. Ndiyo maana shirika la Kiingereza la kutunza punda lilifungua zahanati yake pale mwaka 1987, na tangu hapo hutibu bila ya malipo. Siku hizi pikipiki nazo zimeingia. Lakini Lamu ina kitu ambacho Nairobi haina: ina macho ya watu. Mji wa vichochoro hauruhusu siri. Ukimtesa punda wako kutwa, jioni barazani utaulizwa. Wasemao kule kwamba mtu bila punda ni punda husema kwa mzaha, lakini mzaha wenye heshima ndani.

Na ina mashindano. Kila Maulidi, Mfunguo Sita, wageni wanapojaa Riyadha kutoka Komoro, Unguja na pwani yote, punda hushindanishwa njia ya ukingoni mwa bahari, vijana wakiwa juu bila ya tandiko, watu wamejipanga hadi juu ya majahazi. Mshindi hutajwa kwa jina na punda wake hutajwa. Miezi kabla ya siku hiyo kijana humchagua mnyama, humpumzisha, humlisha vizuri, humkimbiza mchangani alfajiri. Ile ni tadhmiri, ingawa mwenyewe pengine hajui jina lake. Na shirika lile la punda huwa na mashindano yake ya punda aliyetunzwa vyema kuliko wote, ambayo wenye punda wa mizigo huyaingia kwa wivu mkubwa.

Haja yetu ni kuona kitu cha namna hiyo Eastlands. Tena mahali papo: uwanja wa Kamukunji, mita chache kutoka Shauri Moyo na Pumwani, ambako Msikiti wa Riyadha una jina lile lile la Riyadha ya Lamu. Kamukunji imeona mikutano ya siasa na mabomu ya machozi. Mbio za punda hazitauvunjia heshima. Na kwa kuwa punda wa Nairobi ni wa kuvuta na si wa kupandwa, twaazima mchezo wa Wamarekani: mapipa matatu ya mafuta, mkokoteni mtupu, dereva mmoja, bila ya ufito. Huo wa "bila ya ufito" ndio moyo wa shauri letu. Asiyeweza kumzungusha punda wake mapipa matatu kwa hatamu na sauti, hajamfunza.

Kabla ya kuingia uwanjani, kila punda apite mbele ya daktari wa mifugo. Mwenye kidonda asishindane. Aliye chini ya miaka minne asishindane, na umri usomwe menoni. Jike mwenye mimba kubwa arudi nyumbani na bwana wake apewe onyo. Kila atakayepita aandikwe jina daftarini, jina la punda na la mwenyewe, na rangi, na alama za mwili. Daftari hilo likae kwa naibu wa chifu, liwe msaada siku ya wizi. Kamari isikaribie. Zawadi itolewe na asiyeshindana, jambo ambalo wanavyuoni hawalikatai, na isiwe kikombe cha kuwekwa kabatini bali mkanda wa kifuani ulioshonwa vizuri, na magurudumu mapya mawili, na magunia ya pumba ya miezi mitatu.

Wasichana waruhusiwe. Atakayeshangaa asome habari za Salme na punda wake mweupe.

Gharama yake haifiki ile ya mkutano mmoja wa kampeni. Kaunti ya Nairobi ina idara ya mifugo, KSPCA ina madaktari, Lamu ina wazee wanaojua kushona shogi na kuchagua dume kwa upana wa kifua na unyofu wa miguu. Wawili au watatu kati yao waletwe kwa basi, walazwe Pumwani kwa watu wao, na siku mbili kabla ya mashindano wakae na madereva wa mikokoteni pale pale uwanjani, kila mmoja na punda wake. Wakati mzuri ni Mfunguo Saba, Maulidi ya Lamu yakiwa yamekwisha na wapandaji wake wakiwa wamepumzika, mradi mvua isiwe imeanza, maana Kamukunji ikinyeshewa hata punda hapiti.